Jua la Waarabu na Mafundi Wake

Mwezi Septemba mwaka 2009 Taasisi ya Masdar huko Abu Dhabi, iliyoundwa kwa ajili ya nishati mbadala, iliwapokea wanafunzi wake wa kwanza wa shahada ya uzamili kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2017 ikaunganishwa na Chuo Kikuu cha Khalifa. Watafiti, basi, wanapatikana. Lakini vumbi la jangwani halijali shahada. Kioo kisichosafishwa hurudisha mwanga hafifu. Moroko, iliyozindua mtambo wa Noor karibu na Ouarzazate mwaka 2016, ilianzisha pia vyuo vya mafundi, kimojawapo Ouarzazate penyewe. Vijana hufundishwa kufunga mitambo na kuikarabati. Huo ndio uamuzi wa busara zaidi: ujenzi ukiisha, vibarua wengi huagwa, fundi wa matunzo hubakia.