Si Kila Homa ni Malaria



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, hapa Webuye mwili wa mtoto ukichemka usiku, asubuhi tunakimbilia wapi? Dukani. Tunanunua dawa ya malaria bila kupima, maana zahanati iko mbali na foleni ni ndefu. Hata mimi nimefanya hivyo. Kumbe pengine ni nimonia, mtoto anazidi kuumia na pesa imeshakwisha.

Kati ya 2015 na 2017, Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Duke cha Marekani walilishughulikia jambo hili huku kwetu na kule Kiminini, njia ya Kitale. Hawakutukataza kwenda dukani. Mhudumu wa afya wa kijiji, mtu unayemjua, alikupima tone la damu bure. Ukipatikana na malaria, alikupa vocha ya kupunguziwa bei ya dawa. Huna malaria, basi hakuna vocha. Matokeo yalichapishwa 2018: waliopima kabla ya kumeza dawa waliongezeka.

Vijana, angalieni hapo. Wasomi walileta vipimo na hesabu, lakini mlango wa nyumba ulifunguliwa kwa sababu aliyebisha hodi ni jirani. Kwa hivyo wakija wengine na makaratasi yao, tuwakaribishe vizuri, ila tuwaulize mapema: majibu mtatusomea lini, na kwa lugha gani? Na vipimo vyenu vikiisha, nani ataleta vingine?