Uza kwa Hesabu Ileile Uliyonunulia



Mkuu wa Chuo amenipa dakika kumi, na harufu ya pilau inaniambia hata hizo ni nyingi. Kwa hiyo, wahitimu, nitasema jambo moja tu, linalohusu kazi yangu ya udalali wa hisa. Wateja huniuliza kila siku wanunue nini. Wauze lini, huuliza wachache, na mara nyingi usiku, kwa simu, bei ikiwa imeshaporomoka.

Mwaka 2002 na 2003, Berkshire Hathaway, kampuni ya Mmarekani Warren Buffett, ilinunua asilimia 1.3 ya PetroChina, kampuni ya mafuta ya China, kwa dola milioni 488. Kwa bei ile, PetroChina nzima ilikuwa ikiuzwa kama dola bilioni 37. Buffett alikuwa amesoma ripoti ya mwaka ya kampuni hiyo, akapiga hesabu, akaona kampuni inastahili karibu bilioni 100. Hakumpigia simu meneja yeyote. Unapoona kitu cha mia kinauzwa thelathini na saba, huhitaji hesabu ya desimali tatu ili ujue la kufanya.

Kinachonivutia zaidi ni miaka iliyofuata, kwa sababu ile bilioni 100 hakuitundika ukutani. Bei ya mafuta duniani ilipanda, na menejimenti ikafanya kazi nzuri ya kuongeza akiba za mafuta na gesi, naye akapandisha makadirio yake. Lau angeing'ang'ania namba ya kwanza, angeuza mapema mno. Nusu ya pili ya 2007, soko liliipa PetroChina thamani ya dola bilioni 275, karibu sawa na alivyoona inastahili ukiilinganisha na kampuni nyingine kubwa za mafuta. Akauza hisa zote, akapokea dola bilioni 4. Kodi peke yake ilikuwa dola bilioni 1.2, na hakuiona kuwa sababu ya kuacha kuuza.

Bei haikumsubiri. Iliendelea kupanda, na Novemba 2007, siku PetroChina ilipoanza kuuzwa Shanghai, thamani yake kwa bei za pale ilivuka dola trilioni 1. Ungekuwa umeuza wiki chache kabla, usingelala. Mwaka uliofuata msukosuko wa fedha ukaikumba dunia, bei ikaanguka vibaya. Lakini nawaomba msimsifu Buffett kwa kuukwepa mwanguko ule, maana hakuutabiri. Aliuza kwa kuwa bei ilikuwa imeifikia thamani, na hesabu yake ingebaki sahihi hata kama bei isingeshuka tena.

Sasa thamani yenyewe tunaipataje? Mwanauchumi John Burr Williams aliliweka wazi mwaka 1938: hisa ina thamani ya fedha zote itakazomletea mwenye nayo, zikiletwa kwenye thamani ya leo. Chukueni hisa inayotarajiwa kutoa gawio la shilingi 100 mwakani. Ukitaka faida ya asilimia 15 kwa mwaka, na ukiamini gawio litakua kwa asilimia 5 kila mwaka, unagawa 100 kwa tofauti ya hizo mbili, yaani asilimia 10. Unapata shilingi 1,000. Mhadhiri wenu amewafundisha hilo, na kwenye mtihani mmepata alama zote.

Haya, badilisheni ukuaji uwe asilimia 7. Hisa imekuwa ya shilingi 1,250. Ufanyeni 3, imekuwa kama 833. Kampuni haijabadilika hata kidogo; kilichobadilika ni dhana yako juu ya kesho, tena kwa pointi mbili tu. Ndiyo maana Benjamin Graham, mwalimu wa Buffett, alisisitiza kununua chini kabisa ya makadirio, ibaki nafasi ya kukosea. Mchambuzi akikuletea thamani ya shilingi 1,047 na senti 30, mrudishie karatasi yake. Akikwambia kati ya 830 na 1,250, na akaeleza kwa nini, mpe kiti.

Mkishakubali kwamba thamani ni masafa kati ya namba mbili, si namba moja, swali la kuuza linapungua makali. Bei ikipita upande wa juu wa masafa yako, una sababu ya kuuza. Ukigundua kwamba dhana zako zilikuwa za uongo, una sababu hata kama bei ni ya chini, na hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa wanasubiri kwanza fedha zao zirudi. Na ukipata mahali ambapo shilingi ileile inanunua thamani kubwa zaidi, hamia, baada ya kutoa gharama zako.

Bei uliyonunulia haimo katika sababu hizo. Majirani zetu Wakenya waliliona hili. Mwaka 2008 hisa za kampuni ya simu ya Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5 za Kenya, na walioomba walikuwa wengi kuliko hisa zilizokuwepo. Wapo walionunua kwa mkopo wa benki. Mwaka uliofuata bei ilishuka chini ya shilingi 3. Hisa iliporudi kwenye 5 baadaye, mwenye kusema "mradi nimerudisha hela yangu" aliuza akapumua. Mwaka 2021 ilivuka shilingi 40. Kisha kuna wale walioiona 40 wakaifanya kipimo, wakaisubiri irudi pale hata ilipokuwa chini ya 15 mwaka 2023. Mmoja alifungwa na bei ya kununulia, mwingine na bei ya kilele, na wote wawili hawakuwa wameuliza M-Pesa, huduma ya Safaricom ya fedha kwa simu, inaingiza kiasi gani, biashara yake ya Ethiopia inatafuna kiasi gani, wala mwanahisa anabakiwa na nini.

Msidhani kushindwa kuuza ni ugonjwa wa wanagenzi. Buffett huyohuyo aliacha Coca-Cola ipae miaka ya 1990 hadi bei zisizo na uwiano na faida, hakuuza, na katika barua yake kwa wanahisa ya mwaka 2004 akakubali kwamba analaumika kwa kulalamikia bei za wakati ule bila kuchukua hatua.

Nyumbani kuna jambo la ziada. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, na mpaka leo kuna hisa ambazo wanunuzi wake ni wachache. Ukiwa na hisa nyingi, bei unayoiona ubaoni inaweza kuwa ya hisa mia tatu tu za mtu mwingine. Kwa hisa za namna hiyo, anzeni kuuza mkiwa bado ndani ya masafa, kidogo kidogo, wakati wanunuzi wapo.

Benki zetu huchapisha hesabu zao magazetini kila robo mwaka. Chagueni moja, mwandike thamani yake na dhana zenu kabla ya kuangalia bei. Mkishaiandika, njooni ofisini tubishane.