MCHONGAJI NAYE NI MFANYAKAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)

Ndugu wanachama,

Leo hatusemi juu ya mishahara ya viwandani wala ya bandarini. Twataka kusema juu ya mtu ambaye wengi wetu twampita njiani bila kumhesabu kuwa ni mfanyakazi mwenzetu. Mtu huyo ni mchongaji wa vinyago.

Kazi hii si ya kale sana kama watalii wanavyoambiwa. Wakamba walichonga vigoda na vijiko tangu zamani, lakini vinyago vya kuuza vilianza baada ya Vita Kuu ya 1914–1918. Mutisya Munge, mtu wa Wamunyu, alijifunza uchongaji kwa mafundi wa Tanganyika wakati wa vita hivyo. Aliporudi kwao akaanza kuchonga, na wengine wakajifunza kwake, hata ufundi ukafika Nairobi na Mombasa. Twataja jambo hili kwa sababu wako wanaosema kazi ya mikono ni mambo ya mababu, yafaa kuwekwa makumbusho. Hapana. Ni biashara ya karne ya 20, nayo imelipa karo za watoto wengi.

Mwaka 1963 wachongaji wa Mombasa walianzisha chama chao cha ushirika, na kijiji chao kiko Changamwe. Kila mwanachama ana nambari yake, nayo huwekwa kwenye kazi yake, basi kinyago kikiuzwa yajulikana ni nani wa kulipwa. Ni jambo dogo, lakini lina nguvu. Mchongaji asiye na chama humngojea mchuuzi kando ya barabara. Mchuuzi huja jioni, nyumbani hakuna unga, akasema, "Mwenzako pale amekubali nusu ya bei." Pengine mwenzake hajaulizwa hata kidogo!

Sisi wa mshahara twajua saa ya kuingia na saa ya kutoka. Mchongaji hununua mti kwa fedha zake, hununua msasa, humlipa anayesugua, na tezo ikimkata mguu hakuna tajiri wa kumlipa fidia. Watalii walipopungua baada ya bomu la Nairobi la Agosti 1998, na tena baada ya fujo za uchaguzi mwanzo wa 2008, yeye aliumia mapema. Machi 2020 ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa mpaka Agosti, na vinyago vikabaki vikishika vumbi. NSSF hupokea michango ya wanaojiajiri wenyewe, lakini nani amekwenda kuwaeleza?

Tena kuna habari ya mti. Mpingo na muhugu vimekatwa mno, na muhugu hukua polepole sana. Tangu miaka ya 1990 wachongaji wamehimizwa kutumia mwarobaini, ambao hukua upesi na hupandwa mashambani. Wengine walikataa, wakisema wanunuzi wamezoea mti mzito wa rangi ya kukolea, na mwarobaini usipokaushwa vizuri hupasuka. Maneno yao yana haki, lakini dawa yake ni kuukausha. Mchongaji anayekata muhugu wa mwisho anamkata mwanawe mshahara.

Juu ya mashine tutasema kweli, hata kama haipendezi. Mtu akichonga twiga mia walio sawasawa, na jirani yake vivyo hivyo, wamekwisha jifanya mashine wao wenyewe, na mashine ya chuma itawashinda kwa bei. Haitaweza kumshinda fundi anayeutazama mti kwanza, akaona fundo na mshipa, akachonga kile kinachofaa mti ule. Fundi huyo ahitaji muda, na muda hununuliwa kwa bei ya haki. Kwa hiyo twaona bei ndiyo ije kwanza.

Basi twaomba matawi yafikiri mambo mawili. Wachongaji walio karibu waalikwe mikutanoni, wasikie habari za akiba na za kupatana bei pamoja. Na tawi linapomnunulia zawadi mzee anayestaafu, tusikimbilie ile saa ya ukutani ya plastiki (wazee wetu wanazo za kutosha!), bali tuagize kazi kwa ushirika, na malipo ya kwanza yatolewe siku ya kuagiza.

Mambo haya yatapelekwa kwenye kamati za matawi. Mwenye swali na aulize sasa.