Desturi Badala ya Majengo: Vyama vya Udada vya Wanawake wa Kilatino katika Vyuo Vikuu vya Marekani



Semina hii inazungumzia namna wanafunzi wa kike wanavyojipanga wenyewe vyuoni. Mfano niliouchagua unatoka Marekani, kwa wanawake wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ambao huko huitwa Walatino. Nimeuchagua kwa kuwa mwanzo wake unajulikana, umeshatimiza nusu karne, na mafanikio yake yanaonekana waziwazi sawa na hatari zake.

Hoja yangu ni hii: vyama hivi vilianza bila nyumba na bila mtaji, na vimedumu kwa sababu waanzilishi waliuweka urithi wao ndani ya desturi ambazo kila mwanachama anaweza kuondoka nazo. Ndiyo maana desturi hizo zinastahili heshima, na ndiyo maana pia zinastahili kukaguliwa bila woga.

1. Mazingira yaliyovizaa

Vyama vya wanafunzi vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki ni vya zamani nchini Marekani. Cha kwanza, Phi Beta Kappa, kilianzishwa Desemba 1776 katika Chuo cha William & Mary, Virginia. Katika karne ya 19 vikaenea vyama vya wanaume, kisha vya wanawake, na baada ya muda vingi vikajenga au kununua nyumba ambamo wanachama waliishi pamoja. Kwa miongo mingi milango ya nyumba hizo ilikuwa wazi kwa Wazungu peke yao.

Wanawake Weusi hawakungoja kufunguliwa. Mwaka 1908 walianzisha Alpha Kappa Alpha katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington, na mwaka 1913, hapohapo Howard, wakaanzisha Delta Sigma Theta. Chama hicho cha pili hakikuwa kimemaliza hata miezi miwili pale wanachama wake waliposhiriki maandamano makubwa ya kudai haki ya wanawake kupiga kura, tarehe 3 Machi 1913. Tangu hapo udada wa chuoni ukawa na maana nyingine: kwa waliotengwa, ulikuwa njia ya kuingia katika maisha ya umma.

Wanaume wa Kilatino nao walikuwa na vyama mapema. Muungano wao wa kwanza ulitokea mwaka 1898 katika taasisi ya ufundi ya Rensselaer, Troy, jimbo la New York, na mizizi hiyo ndiyo iliyozaa Phi Iota Alpha mwaka 1931. Wanawake walisubiri zaidi, kwa sababu wanawake wa Kilatino wenyewe walikuwa wachache mno vyuoni.

Mabadiliko yalikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Watu wa Puerto Rico, ambao ni raia wa Marekani tangu 1917, walihamia New York na New Jersey kwa wingi kutafuta kazi. Baada ya mapinduzi ya 1959 wakafuata Wakuba. Watoto wao walipofika umri wa kwenda chuo, wengi walikuwa wa kwanza katika familia zao kukanyaga huko. Mwaka 1961 Antonia Pantoja, mwalimu na mpangaji wa jamii kutoka Puerto Rico, alianzisha Aspira mjini New York ili vijana hao wasome na waongoze.

Kuingia chuoni kulikuwa jambo moja, kukubalika kulikuwa jambo jingine. Sonia Sotomayor, ambaye mwaka 2009 aliteuliwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani, alikuwa mwanafunzi wa Princeton, New Jersey, katika miaka ya 1970. Mwaka 1974 yeye na wanafunzi wenzake wenye asili ya Puerto Rico waliwasilisha malalamiko serikalini kwamba chuo hakiajiri watu wa jamii yao. Hali ikiwa hivyo katika chuo tajiri kama kile, mtu anaweza kupima upweke wa binti wa mfanyakazi wa kiwandani aliyesoma chuo cha kawaida, akirudi kila jioni katika nyumba ambamo hakuna aliyejua mtihani wa muhula ni kitu gani.

2. Kean, Desemba 1975

Chuo cha namna hiyo ndicho kilichozaa historia tunayoizungumza. Kean College, ambacho leo ni chuo kikuu, kipo Union, New Jersey. Kilianza mwaka 1855 mjini Newark kikiwa chuo cha ualimu, na wengi wa wanafunzi wake walikuwa wakaazi wa miji ya jirani. Desemba 1975 wanafunzi wa kike walianzisha hapo Lambda Theta Alpha, chama cha kwanza cha udada cha wanawake wa Kilatino nchini Marekani. Mwezi huohuo, chuoni hapohapo, wanaume wakaanzisha Lambda Theta Phi.

Naomba tulitazame kwa makini jambo walilolifanya. Wangeweza kuunda klabu ya utamaduni, yenye mwenyekiti, mhazini na tafrija moja kwa mwaka. Klabu ya aina hiyo mara nyingi hufa waanzilishi wake wanapohitimu. Wao waliazima umbo ambalo Marekani ililiheshimu, lenye herufi za Kigiriki, matawi na uanachama usiokoma, wakalijaza maudhui yao: masomo, siasa ya haki, kutumikia jamii, na fahari ya lugha na asili. Uanachama wa maisha ndio uliokuwa uamuzi wenye uzito kuliko yote. Mhitimu hakuwa mgeni tena. Alibaki dada, mwenye wajibu kwa binti atakayeingia chuoni miaka ishirini baadaye.

3. Kuenea kwa mbegu

Aprili 1980 ilizaliwa Chi Upsilon Sigma katika Chuo Kikuu cha Rutgers, New Jersey. Mwaka 1986 wanafunzi wa Chico, California, walianzisha Lambda Theta Nu, na mwaka 1987 ikaja Kappa Delta Chi katika Texas Tech, Lubbock. Katika jimbo la New York, Chuo Kikuu cha Cornell kilifuata mwaka 1988 kwa Lambda Pi Chi, na kile cha Albany mwaka 1989 kwa Omega Phi Beta. Tarehe 9 Aprili 1990 Sigma Lambda Gamma ilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Iowa, katikati ya nchi, mbali na miji mikubwa ya Walatino.

Miji hiyo haifanani. Wasichana wa Texas na California wengi walikuwa na asili ya Meksiko, wale wa New Jersey na New York walitoka zaidi katika familia za Karibiani. Upweke wao ndio uliofanana, na kila kundi lilifikia jibu lilelile kwa njia yake. Mwaka 1998 vyama kadhaa vya wanawake na wanaume viliunda baraza la kitaifa, linalojulikana kwa kifupisho NALFO, ili visemezane na vyuo kwa sauti moja.

4. Desturi na kazi zake

Vyama hivi kwa kawaida havina nyumba za kuishi. Tawi linaweza kuwa na wanachama wanane, au watatu. Wanafunzi hukaa miaka minne hivi na kuondoka. Taasisi isiyo na jengo, ambayo wanachama wake hubadilika kila mwaka, huhifadhije kumbukumbu? Jibu liko katika desturi.

Kwanza ni mstari. Wanachama wapya huingia pamoja, mara nyingi wakipangwa kwa kimo, na kila mmoja hupewa namba na jina lake la mstari. Katika kipindi hicho hujifunza historia ya chama, majina ya waanzilishi na shabaha za huduma. Dada mkubwa aliyekabidhiwa kazi ya kuwafunda ana nafasi kama ya somo kwa mwali: hufundisha, huonya, na hujibu kwa niaba yao wakikosea.

Pili ni onyesho la kuwatambulisha hadharani. Wanachama wapya hutoka wakiwa wamevaa sawasawa, wakatamka historia waliyojifunza kwa pamoja na kwa sauti kuu, mbele ya wazazi, marafiki na vyama vingine. Mzazi ambaye hajawahi kuingia chuoni humwona binti yake akisimama imara katikati ya uwanja wa chuo. Kwa familia nyingi hilo lina thamani kubwa.

Tatu ni ngoma. Wanachama hutembea kwa mstari wakicheza hatua za chama chao, au hupiga hatua za kishindo kwa miguu na viganja. Sanaa hii ilikuzwa na vyama vya Weusi, na Walatino waliipokea kutoka kwao kisha wakaichanganya na salsa, merengue na bachata. Deni hilo lisisahaulike katika kuisimulia historia hii.

Nne ni rangi, ishara za mikono na salamu. Lambda Theta Alpha huvaa rangi ya damu ya mzee na kijivu. Sigma Lambda Gamma huvaa waridi kali na zambarau. Wanachama huitana “hermana”, yaani dada. Mhitimu anayehamia mji asioujua akiona koti lenye rangi zake, amepata mwenyeji.

Tano, na kwangu ndiyo inayozipa nne za mwanzo uhalali, ni kazi. Kuna vipindi vya kujisomea pamoja, wastani wa alama ambao mwanachama hutakiwa kuutimiza, kampeni za kuandikisha wapiga kura, na elimu ya afya. Sigma Lambda Gamma, kwa mfano, imejitoa katika uhamasishaji kuhusu saratani ya matiti.

5. Penye hatari

Siri na utii ni sehemu ya desturi hizi, na hapo ndipo unyanyasaji wa wanachama wapya hupata maficho. Tatizo haliko katika vyama vya Walatino pekee. Utafiti wa Elizabeth Allan na Mary Madden wa Chuo Kikuu cha Maine, uliotolewa mwaka 2008, ulionyesha kwamba asilimia 55 ya wanafunzi waliomo katika vilabu, timu na vyama walipitia unyanyasaji wa aina hiyo. Desemba 2024 ilipitishwa sheria ya taifa inayovilazimu vyuo kutangaza matukio hayo. Naiunga mkono kwa moyo wote. Kumnyima binti usingizi au kumdhalilisha hakumfundishi historia wala udada. Kunamfundisha kunyamaza, na vyama hivi vilianzishwa ili wanawake wasinyamaze.

Suala la pili ni nani anayekaribishwa. Vyama vingi vya asili ya Kilatino hupokea wanawake wa asili zote, na leo vina wanachama Weusi, wenye asili ya Asia na Wazungu. Naona huo ni ukomavu. Waliojengewa ukuta wamekataa kuujenga wao.

La tatu ni shinikizo la kisiasa. Sheria ya Texas iliyoanza kutumika Januari 2024 ilipiga marufuku ofisi za vyuo vya umma zinazoshughulikia usawa na ujumuishi. Kituo cha tamaduni mbalimbali cha Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin kilifungwa. Sherehe ya wahitimu Walatino ikakosa udhamini wa chuo, na wanafunzi wakaiandaa wenyewe. Ofisi hufungwa kwa barua moja. Desturi iliyo mikononi mwa wanafunzi na wahitimu haifungwi kwa njia hiyo.

6. Mapendekezo

Kutokana na mfano huu napendekeza mambo manne kwa viongozi wa wanafunzi na walezi waliopo hapa. Mosi, chama cha wanafunzi wa kike kiwe na nafasi rasmi ya wahitimu, ili mwanachama asipotee anapovua joho. Pili, historia ya chama iandikwe na ifundishwe kwa kila anayeingia. Tatu, sherehe yoyote ya kupokea wageni iwe ya kuonekana na mzazi pamoja na mlezi. Isiyoweza kuonekana ifutwe. Nne, kila desturi iambatane na wajibu wa masomo au huduma. Na kwa mabinti wetu wanaokwenda kusoma Marekani na kukaribishwa katika vyama hivi: ulizeni kwanza ni wangapi wamehitimu, wanafanya kazi gani katika jamii, na wanawapokeaje wageni. Chama chenye majibu mazuri kwa maswali hayo kinafaa kuaminiwa.