Benchi ya kijivu si kuni
Maneno yaliyosemwa kwa wanachama wa Kiwanja, yameandikwa tena kwa ajili ya jarida letu



Niliombwa niseme juu ya vitu vya mbao vilivyobaki inje wakati hatukuwa hapa. Najua wamoja watajiuliza: tuko na shida ya mbegu, ya minerval, ya dawa, na huyu animateri anatuletea mambo ya viti? Ndiyo, viti. Na meza, na benchi, na vitanda. Munivumilie kidogo.

Kiwanja imekimbia mara nyingi. 2008 tulikimbia, 2012 tukakimbia, na mwisho wa Oktoba 2022 tukabeba tena magodoro kwenye kichwa. Wengi walikaa Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala ao Rusayo mpaka mwanzo wa 2025, wakati kambi za kandokando ya Goma zilifungwa, wakarudi. Wakati wa kurudi, kila mtu alikuta kwake hadithi yake: manjanja hayako, milango haiko, sufuria haziko. Lakini mwizi ni mtu mwenye haraka. Kitu kizito anakiacha. Njo maana katika parsele nyingi tulikuta meza ya mbao ya zamani imelala kwenye majani, benchi ya chapeli imeegemea ukuta, meza ya ligablo imesimama peke yake bila nyumba. Miaka miwili na zaidi ya jua na mvua. Zote rangi ya majivu, zimepasuka, upande wa kivuli zimeota kuvu ya majani.

Na kitu cha kwanza tunachofanya, tunachukua shoka.

Silaumu mtu. Makala ni bei, na kuingia katika parke kutafuta kuni ni hatari ambayo hapa kila familia inaijua. Lakini tuhesabu pamoja. Meza ukiipasua, inapika maharagi siku mbili, pengine tatu. Meza ileile ikisimama barabarani, mama anapanga juu yake nyanya na sombe. Asipokuwa nayo anapanga chini kwenye shitingi, vumbi inaingia, mnunuzi anashusha bei kwa sababu anaona kitu kiko chini. Mtaji unaanza na kitu cha kupanga juu. Na bei ya meza mpya munaijua kuliko miye. Zaidi ya hiyo, mbao za sasa si zile. Meza nyingi za zamani ni za libuyu ao muvula iliyoshuka kutoka upande wa Beni na Ituri. Leo tunauziwa mkalitusi mchanga, ungali na maji ndani, kisha miezi mitatu benchi inajipinda kama mgongo wa mbuzi.

Basi, hiyo rangi ya kijivu ni nini? Si kuoza. Ndani ya mti kuna kitu kinaitwa lignini, ni kama gundi inayofunga nyuzi. Jua linaivunja ile gundi ya juu, mvua inaiosha, zinabaki nyuzi nyeupe-nyeupe, kisha kuvu ndogo inazipaka weusi. Ugonjwa huo uko juu ya ngozi tu, milimita moja ao pungufu. Chini yake mti ni mzima. Kwangote kidogo na kisu mahali ambapo haionekani, utaona rangi ya zamani inarudi.

Kuoza ni kitu kingine. Kuoza kunataka maji yanayokaa. Kwa hiyo tafuteni pale maji yanapokaa: mwisho wa miguu, kwenye maungio, chini ya ubao ambako jua halifiki. Chukua msumari, sukuma. Ukigoma, mti ni mzima. Ukiingia kama kwenye kiazi kilichoiva, hapo pameoza. Gonga pia: mti mzima unalia, mti uliooza unajibu kama ngoma iliyolowa. Mukiona njia ndogo za udongo zinapanda mguuni, huo ni mchwa. Mukiona unga mwembamba chini ya tundu ndogo za mviringo, huyo ni mdudu mwingine, na yeye anaishi ndani ya ubao. Tenga hicho kitu mbali na vingine.

Mguu ukioza, usitupe meza yote. Ukate mpaka kwenye mti mzima, kisha miguu yote ifuate kipimo hicho. Meza itakuwa fupi kidogo. Mama anayeuza akiwa ameketi hatalalamika. Ao fundi aunge kipande kipya kwa mkato wa mshazari, na kijiti cha mbao katikati. Kole nyeupe ya kenkayeri haipendi mvua, musiiamini peke yake kwa kitu cha inje. Na pale msumari wa zamani umelegea, usipige mwingine pembeni yake, unapasua ubao, weka vis.

Kuosha ni kazi ya maji, sabuni na brosi ngumu, basi. Sugua kwa kufuata nyuzi, si kuzikata. Wengine wanatumia maji ya majivu: yanasafisha kweli, lakini yanatia mti weusi na yanakula ngozi ya mikono, kwa hiyo musuuze sana. Ile alama nyeusi ya kutu kandokando ya misumari inapungua ukiipaka ndimu. Kisha acha ikauke chini ya paa, penye upepo, siku nne ao tano. Usiiweke kwenye jua kali ili iende haraka, itapasuka zaidi.

Baadaye msasa. Anza na ule wa 80, maliza na wa 120. Kama hakuna pesa ya msasa, kipande cha kioo kilichovunjika, ukikishika na kitambaa na kukivuta kwa kulaza, kinakwangua vizuri sana. Wazee wa kazi hii wanajua. Angalisho moja: kama kitu kilipakwa rangi zamani sana, ile rangi inaweza kuwa na risasi ndani. Vumbi yake ni sumu kwa watoto. Kwangueni ikiwa imelowa, watoto wakiwa mbali, na vile vipande musivitupe shambani wala kwenye moto wa kupikia.

Sasa nifike pale tunapobishana kila mara: mafuta.

Hapa kwetu mtu akisema "kupaka mbao mafuta" anawaza vidanje, mafuta machafu ya pikipiki na ya kamio. Ni ya bure ao karibu ya bure, inatia mti weusi, na mchwa hauipendi. Naelewa. Lakini yale mafuta yamepita ndani ya moteri, yamebeba vyuma na masizi, na mengine kati ya hayo yanaleta kansa. Hayakauki kabisa. Mtoto anaketi kwenye benchi, mguu wake unashika, mkono wake unashika, kisha anakula mkate. Nimeona hata meza ya kukatia nyama imepakwa vidanje. Hapana! Kwa kitu ambacho mtu anaketi, analala ao anaweka chakula, msimamo wangu ni huo na sitaugeuza kwa sababu ni rahisi bei.

Mafuta ya mawese nayo, musijaribu. Hayakauki, yanachacha, yanaita siafu na panya. Mafuta yanayofaa ni yale yanayokauka yenyewe kuwa ngozi. Yanayojulikana ni ya kitani, ile kenkayeri za Goma wanaita wili de lini. Mkono wa kwanza uchanganye na terebentini kidogo ili inywewe. Paka, ngoja dakika kumi na tano ao ishirini, kisha panguza yote ambayo mti haukunywa. Hapo njo wengi wanakosea, wanaacha mafuta yamesimama juu, yanakuwa gundi na kushika vumbi. Kesho yake paka tena, ao siku ya pili kama hewa ni ya baridi. Mara tatu inatosha. Mwisho wa miguu, pale nyuzi zimekatwa, mti unakunywa maji kama mrija: hapo ndipo muupatie mafuta mpaka ukatae.

Na vile vitambaa vya kupakia musivikunje na kuvitupa kwenye kona. Mafuta haya yakikauka yanatoa joto, na vitambaa vilivyorundikwa vinaweza kuwaka moto vyenyewe. Nyumba nyingi hapa bado ni shitingi na miti, munanielewa. Vitandazeni inje ao muviloweshe maji.

Verni? Inang'aa, ndiyo, lakini ile ya ndani ya nyumba ikikaa juani inapasuka na kubanduka, maji yanaingia chini yake na hayatoki. Kwa kitu cha inje, mafuta ni bora: yakichoka unaongeza bila kukwangua kila kitu. Wakati mzuri wa kazi hii ni kiangazi, Juni mpaka Agosti, mbele ya mvua ya Septemba kuanza. Na kila mguu wa meza ukae juu ya jiwe bapa, usiguse udongo. Hiyo hailipwi, na inasaidia kuliko mafuta yote niliyotaja.

Wafadhili wetu, neno kwenu. Viti vya plastiki munavyotuma vinapokelewa kwa shukrani. Lakini kwa bei ya rundo moja la viti, chama kingepata bido la mafuta ya kitani, msasa, vis, randa mbili na siku za fundi mmoja, na vijana wetu wangebaki na ufundi mkononi. Kiti cha plastiki kikivunjika mguu, hakuna anayejua kukitengeneza.

Baba mmoja wa chukudu aliuliza kama haya yote ni kwa chukudu yake pia. Mti wa kati, ndiyo, afuate vilevile. Magurudumu atajua mwenyewe kuliko miye. Na mama mmoja aliuliza afanye nini na kitanda cha marehemu mume wake, kimebaki mbao mbili tu nzima. Tulikiangalia pamoja baada ya mkutano. Zile mbao mbili ni libuyu, zinatosha benchi ya watu watatu.

Jumamosi tutaanzia kwake. Anayekuja alete brosi, na kipande cha kioo kama anacho.