FENI YA GARI LETU INAZUNGUSHWA NA MAFUTA

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi kwa wanachama wa ushirika, mbele ya ghala la kahawa. Yamenakiliwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria. Ndugu wa darasa la jioni wawasomee wenzao kwa sauti.)



Leo hatukuitana kuzungumza habari ya bei ya kahawa. Tumeitana kuzungumza habari ya gari letu, lile tulilolinunua kwa jasho la kilo zetu wenyewe, na ambalo sasa limelala gereji Bukoba. Maneno ni mengi kijijini. Wako wanaosema dereva ameliua. Wako wanaosema limerogwa. Wengine wanasema magari yaliyotumika Japani hayaiwezi milima yetu. Sisi wa kamati tumekwenda huko gereji, tumesimama na mafundi tangu asubuhi hadi jioni, tumeuliza, tumeonyeshwa. Tunawaeleza tulichokiona, na makosa yetu ndani yake.

Mnakumbuka tulikwenda Maruku kuchukua miche ya kahawa inayostahimili mnyauko. Kutoka huko mpaka Kemondo gari lilikimbia vizuri, mshale wa joto umetulia. Tulipofika Muhutwe tukaiacha barabara kuu, tukaanza kuupanda mlima wa Kamachumu, gari limejaa, gia ndogo, mwendo wa kinyonga. Mshale ukapanda, mvuke ukatoka. Tukasimama, tukangoja, tukaongeza maji, tukaondoka. Likachemka tena. Mara ya tatu likazimika kabisa. Miche ikalala njiani, kesho yake jua likaikuta pale pale, na mingine ikafa. Wiki iliyofuata binti yetu mmoja alishikwa na uchungu usiku. Gari hakuna. Akapakiwa kwenye pikipiki, mvua inanyesha, mpaka hospitali ya Ndolage. Mama na mtoto ni wazima, tunashukuru. Lakini tusijidanganye, ndugu zangu: alifika kwa bahati, hakufika kwa mpango.

Sasa sikilizeni makosa. Mara ya kwanza lilipochemka tulibadilisha themostati. Likachemka. Tukalipia kuzibua rejeta. Likachemka. Tukanunua rejeta nyingine, kwa fedha tulizoweka za bati la ghala hili. Likachemka! Tulikuwa kama mtu anayekunywa dawa ya tumbo na huku anaumwa jino.

Ndipo fundi mmoja mzee akatuuliza swali moja tu: "Linachemka likikimbia, au likienda polepole?" Tukamjibu, likienda polepole mlimani, na likisimama huku injini inanguruma. Akasema, "Basi tazameni feni."

Jamani, swali hilo lina thamani ya rejeta nzima. Gari likikimbia kwenye lami, upepo wenyewe unapita katika rejeta na kuyapoza maji. Likienda polepole au likisimama, upepo huo haupo, inabaki kazi ya feni. Kwa hiyo gari likipoa mbioni na kuchemka mlimani, mshuku feni kwanza. Likichemka hata mbioni, hapo tazama maji yamepungua, rejeta imeziba, themostati imekwama au pampu ya maji imechoka.

Na sisi huku tuko juu. Pwani maji huchemka kwa nyuzi 100. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari, na kwa kimo hicho maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kamachumu iko juu zaidi, na huchemka mapema zaidi. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyabana maji yasichemke upesi. Kifuniko kikilegea, umepoteza ulinzi huo. Msikidharau kwa kuwa ni kidogo.

Feni za magari ni za namna tatu. Ya kwanza inazungushwa na injini yenyewe kwa mkanda. Ya pili inazungushwa na umeme. Ya tatu, ambayo ndiyo yetu, inazungushwa na mafuta. Iko hivi: injini inazungusha pampu. Pampu inasukuma mafuta kwa nguvu kupitia mpira mgumu, yanakwenda mpaka kwenye mota ndogo iliyo nyuma ya feni na kuizungusha, kama maji ya mferejini yanavyozungusha gurudumu la kinu. Kisha mafuta yanarudi kwenye chupa yake, na safari inaanza upya. Maji ya injini yakipata joto, sensa inatoa habari, vali inaruhusu mafuta mengi, feni inakwenda kasi. Na katika gari letu mafuta hayo hayo ndiyo yanayolainisha usukani. Mafuta yakipungua, usukani na feni vinaugua pamoja.

Na kweli, usukani wetu ulikuwa unalia kama ndama aliyeachwa na mama yake. Dereva alituambia. Alituambia tena kwamba pale mpira unapoungana na chupa panadondoka mafuta. Sisi tukamjibu, "Ngoja kikao." Kikao kikapita, tukazungumza mengine. Mafuta yakapungua, hewa ikaingia, mafuta yakawa povu. Povu halina nguvu ya kusukuma kitu. Na siku moja yalipokosekana mafuta yake, yakamiminwa mengine yaliyobaki kwenye chupa fulani. Basi tunasema hapa mbele yenu: dereva hakuliua gari, wala hakuna mchawi. Tulilizembea sisi wa kamati, kwa kuuhurumia mpira na chupa ya mafuta. Tunajikosoa.

Sasa tujifunze, ili lisirudie.

Kwanza, kila Jumatatu, gari likiwa limesimama mahali tambarare, tutazame chupa ya mafuta ya usukani na feni. Ina alama mbili, ya baridi na ya moto. Yakiwa chini ya alama, yanatoka mahali fulani, maana mafuta hayo hayachomwi na injini. Usijaze tu ukaondoka. Tafuta yanakotokea.

Pili, tuyatazame na kuyanusa. Yakiwa na povu, kuna hewa. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, yamechoka, yamwagwe yote.

Tatu, tuweke mafuta yaliyoandikwa katika kitabu cha gari au juu ya kifuniko cha chupa, si mengine. Mafuta ya breki ni marufuku, yanaharibu sili za mpira.

Nne, baada ya kujaza, hewa itolewe. Injini ingurume taratibu, usukani uzungushwe kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho mara kadhaa, na usishikiliwe mwishoni. Tazama chupa, ongeza mafuta, mpaka mapovu yaishe.

Tano, mpira unaovuja usipapaswe kwa mkono injini ikiwaka. Mafuta yenye nguvu yakitoka kwenye tundu la sindano hupenya ngozi, na mtu huweza kupoteza mkono. Pitisha kipande cha boksi, kitaonyesha panapolowa. Kama mtu amechomwa, akimbizwe hospitali hata kama kidonda ni kidogo kama cha mbu.

Sita, rejeta ioshwe kwa nje, maji yapite kutoka upande wa injini kuja mbele. Matope, maganda ya kahawa, na wakati wa senene, senene wenyewe, hujaa pale na kuziba upepo. Senene ni watamu kikaangoni, si kwenye rejeta.

Saba, gari likichemka, zima, ngoja lipoe kabisa. Usifungue kifuniko kikiwa cha moto, hata kwa kitambaa. Usimimine maji ya baridi kwenye injini ya moto, utaipasua.

Nane, kama mafuta ni mazima na feni bado haiendi kasi, apelekewe fundi apime sensa, waya, vali na nguvu ya pampu. Tusinunue mota kwa kubahatisha kama tulivyonunua rejeta.

Limebaki jambo moja la kuamua. Fundi mmoja anashauri tuing'oe feni hii na kuweka ya umeme. Ni jambo linalofanyika, na vipuli vyake hupatikana kwa urahisi. Lakini inataka feni kubwa inayoitosha rejeta yote, jenereta ya gari yenye nguvu na waya nene, na pampu ya mafuta bado itabaki kwa ajili ya usukani, mipira yake ipangwe upya. Ushauri wa kamati ni huu: tubadilishe mpira unaovuja, tumwage mafuta yote machafu, tutie mapya, kisha tulipandishe Kamachumu likiwa na mzigo. Mota ikionekana imekufa, ndipo tuzungumze umeme. Mnaonaje? Mtajibu kwa mikono, si kwa minong'ono ya njiani.

Na la mwisho. Tumenunua daftari. Wengi wetu hapa tulishika kalamu tukiwa watu wazima, vidole vimezoea jembe. Wanafunzi wawili wa darasa la jioni, mama mmoja na baba mmoja, watakuwa wanaandika kila Jumatatu: maji yako wapi, mafuta yako wapi, dereva amelalamika nini, na kamati imefanya nini. Daftari litatundikwa hapa hapa ghalani, kila mwanachama alisome. Siku tutakayomjibu tena dereva "ngoja kikao", litatuumbua.