Samadi, Maji na Moto wa Jikoni



Tumeombwa tuseme juu ya biogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na samadi. Ujuzi huu si mgeni Tanzania. Kituo cha CAMARTEC cha Arusha kiliueneza tangu miaka ya 1980, na mwaka 2009 ukaanza mpango wa nchi nzima wa kujenga mitambo ya nyumbani. Kazi yake haina miujiza. Samadi mbichi huchanganywa na maji kiasi kilekile, ikamiminwa katika shimo lililojengewa kuba chini ya ardhi. Humo, pasipo hewa, vijidudu huiozesha na kutoa gesi, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, nayo hufuata bomba hadi jikoni. Tope linalobaki ni mbolea njema kwa migomba na mboga. Mama aliyezoea kupuliza mafiga huku akitokwa machozi kwa moshi, sasa huwasha jiko kwa njiti moja ya kibiriti, na sufuria haina masizi.

Ni jambo jema. Lakini tume hii ni ya Haki na Amani, siyo ya majiko, hivyo imetupasa kuuliza ni nani anayenufaika. Mtambo mdogo wa nyumbani huhitaji ng'ombe wawili hivi, tena wa kufungiwa zizini, kwa kuwa samadi ya ng'ombe wanaochungwa hubaki malishoni. Mjane mwenye kuku watatu hana sehemu hapo. Na kila ndoo ya samadi hudai ndoo ya maji.

Katika parokia mojawapo tuliyoitumikia, mtambo ulijengwa kwa michango ya jumuiya nzima, nyumbani kwa mzee mmoja mwenye ng'ombe. Siku ya kuubariki ilifana. Maji ya baraka tulikuwa nayo; ya kuchanganyia samadi hatukuyafikiri. Kiangazi kilipofika, kisima cha karibu kikakauka, na wale wale waliopumzishwa mzigo wa kuni wakatwishwa ndoo kutoka mtoni. Wakachoka. Gesi ikapungua, jiko likazimika, mafiga yakarudi. Kosa lilikuwa letu: katika vikao vyote walisema wanaume, nasi tukaandika muhtasari.

Kwa hiyo, kabla jumuiya haijachanga hata shilingi, ihesabu ng'ombe wake na kupima umbali wa maji wakati wa kiangazi, siyo wakati wa masika. Wenye kuteka maji waulizwe kwanza. Waliochangia bila kuwa na mifugo waandikiwe haki yao ya kupata tope kwa mashamba yao. Na asiye na ng'ombe kabisa, jiko sanifu la kuni liingizwe katika michango hiyo hiyo, wala lisihesabiwe kuwa sadaka ya huruma.

Tulipoyasema haya kanisani, mama mmoja alitungoja mlangoni. "Baba Paroko," akasema, "mara hii mtuite kabla ya kuchimba shimo."